Jinsi ninavyopima kama benki imeikopesha serikali kupita kiasi

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama 18 hapa Nakuru. Desemba 2022 Ghana iliwataka wenye hatifungani zake za ndani, yaani hati za mkopo ilizouza nchini mwake, wazibadilishe kwa nyingine za riba ndogo na muda mrefu zaidi. Benki za huko zilikuwa zimejaa hatifungani hizo, hasara ikaziangukia kwa pamoja. Tangu hapo sipeleki pesa za wenzangu benki kabla sijasoma hesabu zake.

Kila robo mwaka benki za Kenya huchapisha hesabu hizo magazetini. Chukua rula na kalamu, maana mistari imebanana na jicho huruka. Upande wa mali, tafuta dhamana za Serikali ya Kenya, yaani hati za pesa ambazo benki imeikopesha serikali. Hazikai mstari mmoja: kuna zile ambazo benki inakusudia kukaa nazo hadi ziive na zile inazoweza kuuza wakati wowote. Zijumlishe. Kisha shuka hadi mtaji wa wenye hisa, yaani kinachobaki ukitoa madeni ya benki kwenye mali yake, ugawanye jumla yako kwa mtaji huo.

Tuseme dhamana ni bilioni 90, mtaji bilioni 30. Jibu ni 3. Yaani serikali ikikata theluthi moja tu ya deni hilo, mtaji wote umekwisha. Ugiriki mwaka 2012 ilikata asilimia 53.5. Benki kubwa za Saiprasi zilizoikopesha ziliumia vibaya, na mwaka 2013 wateja wa mbili kati ya hizo waliokuwa na zaidi ya euro 100,000 wakapoteza sehemu ya akiba yao.

Wengi hutulizwa na uwiano wa mtaji ulio chini ya ukurasa, yaani mtaji ukilinganishwa na mali ya benki iliyopimwa kwa hatari yake. Mimi siutegemei. Sheria inataka asilimia 14.5, benki inaonyesha 18, lakini deni la serikali kwa shilingi huhesabiwa humo kama halina hatari yoyote.

Rudia hesabu kwa benki tatu. Zote zikitoka juu, kugawanya akiba kutakuongezea bima ya amana, ile inayokulipa benki ikifilisika, shilingi 500,000 kwa kila benki, lakini mdaiwa wao bado ni yule yule. Na mfuko wa bima nao umewekezwa kwenye dhamana za serikali.

Akiba iliyozidi kiwango hicho, sisi tumeinunulia ng'ombe wanne wa maziwa. Lita zao naziandika katika daftari lile lile la benki.