Maji ya ziwa: kuchemsha peke yake hakutoshi

Huku Mwanza kandokando ya Ziwa Victoria, iwe Igombe, Kayenze, Buchosa au Ukerewe, ukimuuliza mtu maji ya kunywa anayafanyaje anakujibu "nachemsha", basi, yamekwisha. Sikatai, moto unaua vijidudu vya kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo, ila yapo mambo moto hauyawezi na mengine tunayaleta wenyewe sisi wakulima na wafugaji.

La kwanza ni ule utando wa kijani. Ziwa likitulia na jua likiwa kali unauona kwenye ghuba umetanda utadhani mtu kamwaga rangi ya nyumba, na harufu juu. Ule ni mwani, na aina nyingine zinatoa sumu inayoharibu ini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, tena ukichemsha ndo kwanza mwani unapasuka na sumu yote inabaki kwenye sufuria. Kwa hiyo ukiona kijani usichote hapo, tafuta kisima au chota mbali na utando, na ng'ombe usiwanyweshe hapo maana wanakufa kweli. Chakula cha huo mwani ni mbolea na samadi inayosombwa na mvua kutoka mashambani, pamoja na maji taka ya mjini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, najua bustani nyingi za nyanya na mchicha ziko hapo hapo kwa sababu kumwagilia ni rahisi, lakini jamani angalau acha matete na majani yasimame katikati ya bustani na maji, na samadi rundika juu huko.

La pili ni madumu ya dawa za wadudu. Kwenye ukanda wa pamba, Magu, Kwimba, Misungwi, dumu la dawa likiisha linaoshwa kwa Omo afu linageuka la maji ya kunywa. Hapana! Dawa inaingia ndani ya plastiki, sabuni haiitoi na moto hauitoi. Suuza mara 3, hayo maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba la kupulizia ukayamalizie shambani, halafu toboa dumu lisitumike tena. Na bomba lenyewe usilioshee mwaloni.

Sasa ukishachota pazuri, yaache maji yatulie usiku kucha, asubuhi mimina taratibu ukipitisha kwenye kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara 4, khanga iliyochakaa inafaa kuliko mpya. Yakiwa na tope sana, kama ya mtoni au lambo, mbegu za mlonge zilizomenywa na kusagwa zinakusanya tope chini, mbegu 1 au 2 kwa lita. Usiruke hatua hii, maana kwenye tope klorini (dawa ya kuua vijidudu majini) inamalizwa na uchafu kabla haijafika kwa vijidudu.

Kuchemsha kwenyewe watu wanachoma mkaa bure. Maji yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika 1 inatosha kwa Mwanza, epua. Kama mkaa umepanda bei tumia vidonge vya klorini, soma pakiti kidonge kimoja ni cha lita ngapi maana vinatofautiana, subiri dakika 30. Klorini ina faida moto hauna: inabaki inalinda hata baadae. Ya moto yakipoa mtoto akichovya kikombe na mkono wake basi kazi yote imeharibika, kwa hiyo weka kwenye ndoo yenye koki au dumu la mdomo mwembamba, mimina, usichote.

Kichocho ni habari nyingine, hakikupati kwa kunywa, sana sana kinaingia kwa ngozi ukiwa umesimama majini unachota au unafua. Hapo buti za mpira zinasaidia, na maji ya kuoga yakikaa kwenye jaba lililofunikwa siku 2 vile viluwiluwi vyake vinakufa vyenyewe.

Wenye bati wana nafuu zaidi. Vuli ikianza mwezi wa 10 mvua za kwanza ziache zioshe bati na mifereji, mavi ya ndege yatoke, ndo uelekeze bomba kwenye tanki. Funika tanki na weka wavu mdomoni, mbu wasizaliane humo, na ya kunywa bado yatie klorini.