Namna ya Kulikuza Jumba la Sanaa ya Kisasa Jijini Kampala

Anayetaka kufungua jumba la sanaa Kampala asianze kwa kutafuta jengo, aanze kwa kutafuta wasanii. Afriart, jumba la sanaa la hapa Kampala lililoanzishwa na Daudi Karungi mwaka 2002, linafahamika nje ya Afrika kwa kazi za wasanii linaowasimamia, akiwemo Sanaa Gateja, fundi wa shanga za karatasi, na mchoraji wa Tanzania Sungi Mlengeya. Basi chagua wachache ambao utaweza kuwafuatilia kwa miaka mingi, na uwatembelee wanakofanyia kazi hata pale ambapo hawana cha kuuza.

Kabla picha haijatoka mikononi mwa msanii, andikianeni mkataba unaotaja bei, mgao na siku ya malipo. Mgao uliozoeleka ni nusu kwa nusu, na nusu ya msanii si mtaji wako. Nimemwona mchoraji akirudi mara ya nne kudai fedha za picha iliyokwisha kuuzwa, na tangu siku hiyo naamini kwamba hakuna kinachoua jina la jumba haraka kuliko deni la namna hiyo.

Kazi ikifika, ilaze juu ya meza safi karibu na dirisha, uipige picha mbele na nyuma, uipime kwa sentimita, kisha uandike daftarini jina la msanii, mwaka na malighafi. Mbugu, yaani kitambaa kinachopondwa kutokana na gome la mti wa mutuba, inahitaji jicho kali zaidi, kwa sababu kiraka kilichoshonwa na fundi ili kuziba tundu la gome ni sehemu ya kitambaa, ilhali mpasuko uliotokea njiani ni hasara ambayo lazima iandikwe siku hiyohiyo. Wakati wa masika usiifunge kwa plastiki wala kuigandisha ukutani. Iache ipate hewa kwa nyuma.

Uangalifu huo ndio unaoiwezesha kazi kusafiri. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na banda lake katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, na banda hilo la Acaye Kerunen na Collin Sekajugo likatajwa kwa heshima na majaji, ambao walitaja pia jinsi Kerunen alivyotumia mbugu na nyuzi za rafia.

Hata hivyo, usiwasahau watazamaji wa hapa. Sanaa imefundishwa Makerere tangu Margaret Trowell alipoanzisha masomo yake mwaka 1937, na jumba la sanaa la Nommo, mtaani Nakasero, limekuwapo tangu 1964, kwa hiyo wapo watu wanaojua kutazama, isipokuwa wengi hudhani mlango wa jumba la sanaa ni wa wageni peke yao. Fungua Jumamosi bila kiingilio, na uweke mtu anayeweza kuieleza kila kazi kwa Kiganda na kwa Kiswahili, akianza na wanafunzi waliosimama nje wakichungulia.