Kabla ya Kununua Inveta Mpya: Mambo ya Kuzingatia Umeme wa Sola Unapopungua Nguvu

Inveta haizalishi umeme, bali huupokea kutoka kwenye betri na kuugeuza uwe wa volti 230 zinazotumiwa na friji, feni na televisheni. Kwa sababu hiyo, inapotoa nguvu pungufu, la kwanza ni kujua kama yenyewe inapewa umeme wa kutosha, na hilo ndilo linalorukwa mara nyingi. Jirani yangu hapa Mikindani, mama anayehifadhi samaki kwenye friji ya sola, alinunua inveta mpya kwa fedha ya ada ya mwanawe baada ya kuambiwa kwamba ya zamani imekufa; siku ya tatu ile mpya nayo ikaanza kulia na kujizima kila friji ilipowaka. Tulipolegeza nati ya waya mwekundu kwenye betri tulikuta shaba imeliwa na kufunikwa na unga wa kijani, na nyuzi zilizobaki nzima zilikuwa chache mno. Tulikata kipande kilichooza, tukafunga kichwa kipya cha waya, na inveta ya zamani inafanya kazi hadi leo. Hewa ya bahari ina chumvi, na sisi wa pwani hatuna budi kuvikagua viungo vya nyaya mara kwa mara kuliko wenzetu wa Masasi au Nachingwea walio mbali na bahari.

Kabla ya kugusa chochote, zima vifaa vyote, kisha inveta, halafu chomoa nyaya za paneli kwenye kidhibiti chaji (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) kabla ya kutenganisha betri, kwa kuwa baadhi ya vidhibiti huharibika paneli zikibaki bila betri. Paneli hazilali wakati jua linawaka, na mbili kubwa zilizofungwa kwa kufuatana (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine) zinaweza kupita volti 80. Vua pete na saa, usiwashe kiberiti karibu na betri za maji, na kasha la inveta usilifungue, kwani kapasita zake, yaani sehemu zinazohifadhi umeme, hubaki nao hata baada ya kuzimwa.

Jumlisha wati za vifaa vinavyowashwa kwa wakati mmoja. Pasi au birika la umeme peke yake huweza kuimaliza inveta ya wati 1000, na mota ya friji inapoanza huhitaji mara kadhaa ya wati zake za kawaida.

Sasa chukua multimita, yaani kifaa cha kupimia volti, na karatasi. Betri ya asidi ya volti 12 iliyopumzika saa chache bila kuchajiwa wala kutumiwa huonyesha karibu 12.7 ikiwa imejaa, 12.2 ikiwa nusu, na chini ya 11.8 ikiwa karibu kuisha. Betri za lithiamu haziendi kwa vipimo hivi. Baada ya hapo rudisha nyaya kwa kinyume cha ulivyozitoa, betri kwanza, kisha washa mzigo wa kawaida, yaani vifaa unavyotumia kila siku, upime kwenye vichwa vya betri, kisha mara moja upime pale nyaya zinapoingia kwenye inveta. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayopotea njiani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6, ukiwa na urefu wa mita 5 kwenda na 5 kurudi, hupoteza takriban volti 1.2 unapopitisha ampea 40, hata kama viungo vyake ni safi kabisa. Betri ikiwa na 12.2, inveta inapata 11 tu, na friji ikiwaka inashuka hadi karibu na 10.5, ambapo inveta nyingi hujizima zenyewe. Waya mfupi na mnene hutibu ugonjwa huu kwa gharama ndogo.

Ikiwa betri haijai kabisa, panda juu ya paa. Huku kwetu msimu wa kupuliza mikorosho huleta unga wa salfa unaotua kwenye paneli pamoja na vumbi la barabara, na mvua zinakuwa bado miezi kadhaa. Osha asubuhi na mapema, kioo kikiwa hakijapata moto, kwa maji na kitambaa laini. Angalia pia kivuli, kwa maana mwezi Juni jua la mchana huegemea kaskazini, na mwembe ulio upande huo, ambao Desemba haukuwa na madhara, sasa huweza kuifunika pembe ya paneli moja na kuzipunguza nguvu zote zilizofungwa nayo kwa kufuatana. Joto nalo hula sehemu yake: paneli ya wati 300 iliyofikia nyuzi 65 hutoa karibu wati 250, na huo si ubovu.

Hakikisha feni ya inveta inazunguka na matundu yake hayajazibwa na vumbi au sisimizi. Ikiwa sehemu zote ni nzima, mzigo haujazidi, na volti zinazoingia hazishuki, lakini zinazotoka ziko chini sana ya 230, hapo inveta yenyewe inashukiwa. Ila multimita za bei nafuu husoma pungufu kwenye inveta ambazo umeme wake hauna wimbi laini kama ule wa gridi, hivyo mpe fundi karatasi ya vipimo vyako apime upya kwa kifaa kinachofaa, na kama waranti haijaisha, lakiri ya kasha ibaki kama ilivyo.