Kompyuta inaganda ukifungua D: usikimbilie chkdsk /r

Unabofya D, yaani patisheni (sehemu) ya diski yako, kiduara kinazunguka, dirisha linapauka, basi. Wengi hapo huendesha chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Tafadhali, isiwe ya kwanza. Amri hiyo husoma kila sekta, yaani kila kipande kidogo cha patisheni, na diski inayochechemea inaweza kufa katikati ya kazi, picha na hati zako zikiwa bado humo.

Kwanza jua anayeumwa ni diski au Windows. Bonyeza Windows+R, andika cmd, kisha:

dir D:\

Majina yakitoka papo hapo, huenda File Explorer ndiyo inayokwama kutengeneza vijipicha vya video na picha. Bonyeza tena Windows+R, andika control folders, nenda View, weka tiki kwenye Always show icons, never thumbnails.

Amri nayo ikiganda, fungua Task Manager, upande wa Performance. Diski ikionyesha 100% huku kasi ya kusoma iko karibu na 0, huenda inahangaika na sekta isiyosomeka. Windows kwa kawaida huisubiri diski hadi sekunde 60 kwa ombi moja, na maombi yapo mengi. Ndiyo maana inaganda kwa muda mrefu.

Sasa fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, usome safu ya Raw Values. 05 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa, C5 ni zinazosubiri kuamuliwa, C6 ni zilizoshindikana. C5 ikizidi sifuri, hamisha data leo. C7, makosa ya kusafirisha data, ni habari njema kidogo: mara nyingi kosa ni waya wa data wa SATA, ule unaounganisha diski na kompyuta. Zima kompyuta, badilisha waya, chomeka kwenye tundu jingine. Hesabu ya C7 hairudi sifuri, kwa hiyo angalia tu kama imeacha kupanda.

Kuhamisha: anza na hati na picha, folda moja moja, filamu zingoje. Windows ikizidi kuganda, washa kompyuta kwa flashi ya Ubuntu (mfumo mwingine badala ya Windows), tambua patisheni kwa amri ya lsblk, kisha tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu:

sudo ddrescue -n /dev/sdb2 d.img d.map
sudo ddrescue -r3 /dev/sdb2 d.img d.map

Mzunguko wa kwanza huchukua yanayosomeka kwa urahisi, wa pili hurudia sehemu ngumu mara 3. Hapa sdb2 ni mfano tu; weka jina la patisheni yako. Amri uziendeshe ukiwa ndani ya diski nyingine isiyo mbovu. Patisheni ya GB 500 inahitaji nafasi ya GB 500, hata kama faili zako ni GB 80. Chanzo (/dev/sdb2) hutangulia, nakala (d.img) hufuata, kisha d.map, kumbukumbu ya kazi. Usivigeuze.

Kama namba zote za CrystalDiskInfo ni safi lakini Event Viewer (daftari la matukio la Windows), chini ya System, inaonyesha Ntfs namba 55, mfumo wa faili ndio ulioharibika. Weka nakala, fungua cmd kama msimamizi, uendeshe chkdsk D: /f. Ukiona disk namba 7, rudi kwenye sekta mbovu: kufomati D hakutaiponya diski hiyo, nunua nyingine.