Kumlikiza Mtoto wa Miezi 6: Unga wa Nafaka Moja, Uji Mzito na Kitoweo Ndani ya Bakuli

Mwanangu wa kwanza alipotimiza miezi 6 nilinunua unga wa lishe ambao pakiti yake ilitaja vitu kumi na kimoja, kuanzia mahindi, ulezi, ngano na mchele hadi soya, karanga na mbegu za maboga, nami nikajiona mama makini kuliko wote mtaani. Miezi mitatu baadaye mstari wa kadi yake ya kliniki ulikuwa umelala badala ya kupanda. Muuguzi mwenzangu aliyempima hakuuliza unga una nini. Aliuliza uji naupika mzito kiasi gani na mtoto anakula nini kingine. Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna kingine alichokuwa akila, na uji wenyewe ulinyweka kwa kikombe kama chai. Somo hili limetokana na maswali yale mawili. Ninaposema kumlikiza ninamaanisha kumwanzishia mtoto chakula huku akiendelea kunyonya, wala si kumwachisha ziwa.

Hatua ya kwanza: Usiwahi, usichelewe

Mpaka atimize miezi 6 kamili, maziwa ya mama peke yake yanamtosha mtoto, hata maji hayahitaji. Najua shinikizo linaanza mapema: mtoto wa miezi 3 akilia usiku, bibi yake anasema ziwa halimshibishi. Mtoto wa umri huo hulia kwa sababu nyingi, na dawa ya njaa yake ni kumnyonyesha mara nyingi zaidi, kwa kuwa ziwa linavyonyonywa ndivyo linavyotengeneza.

Kuchelewa nako kuna madhara. Madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo mwilini huwa yamepungua sana ifikapo miezi 6, na maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana chuma kidogo. Hata hivyo ziwa linabaki kuwa mhimili: kati ya miezi 6 na 12 linaweza kumpa nusu ya nguvu anazohitaji au zaidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri anyonye hadi miaka 2 na kuendelea.

Hatua ya pili: Chagua unga wa nafaka moja

Hapa ndipo ninapogombana na wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mahindi, mchele, ulezi, mtama na ngano vyote ni nafaka, na vyote kwa sehemu kubwa ni wanga. Kuchanganya nafaka tano hakumpi mtoto makundi matano ya chakula. Kunampa kundi moja lenye majina matano. Tena kila moja ina muda wake wa kuiva, na ukipika kwa muda wa ile inayowahi, nyingine inabaki mbichi. Soya ndiyo mkorofi kuliko zote, kwa sababu ikiwa haikupata moto wa kutosha ina vitu vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, yaani kile kile ulichoiwekea.

Karanga zina tatizo lake. Zikishasagwa na kukaa kwenye unga wiki kadhaa, mafuta yake huanza kuvunda, na zikiwa zilihifadhiwa na unyevu zinaweza kubeba sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, ambayo pia hupatikana kwenye mahindi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi waliyokula. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha. Kinga yake ni kukausha vizuri, kuhifadhi mahali pakavu na kukaa chini na ungo kuchambua: punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au iliyosinyaa inatupwa, haipelekwi mashineni wala kwa mtoto.

Kwa hiyo saga mahindi peke yake au ulezi peke yake, kiasi cha wiki mbili tatu, ukiweza dona badala ya sembe. Karanga, mayai, dagaa na vinginevyo vinaingia sufuriani siku ile ile. Faida nyingine ni kwamba mtoto akitokwa na vipele au akiharisha baada ya kula utajua umeongeza nini leo, jambo lisilowezekana pakiti inapokuwa na vitu kumi na kimoja.

Hatua ya tatu: Pika uji unaokaa kwenye kijiko

Tumbo la mtoto wa miezi 6 hadi 8 ni dogo. Bakuli moja dogo linalijaza. Ukilijaza uji mwepesi umelijaza maji, naye ataonekana ameshiba huku mwili wake ukiwa na njaa. Kipimo hakihitaji mizani: chota uji, inamisha kijiko kidogo. Ukitiririka kama maji, ni mwepesi. Ukishuka polepole kwa kusitasita, umefaa.

Koroga vijiko viwili vya chakula vilivyojaa unga katika maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, yote kwa pamoja yafikie kama kikombe cha robo lita, kisha koroga kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20. Ukiiva, ongeza kimoja kati ya hivi: kijiko cha chakula cha karanga zilizokaangwa na kupondwa zikalainika kabisa, yai moja lililopigwa, ukikoroga mpaka liive, kijiko cha chai cha unga wa dagaa waliooshwa mchanga na kukaushwa, au, ukishaepua, kipande cha parachichi kilichopondwa. Sukari na chumvi hazihitajiki. Asali ni marufuku kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvidhibiti.

Kama mtoto anashindwa kumeza uji mzito, usikimbilie kuongeza maji. Tumia kimea cha ulezi: loweka ulezi usiku mmoja, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue, uanike ukauke kabisa, usage. Pika uji mzito, uepue, uache upoe kidogo lakini ubaki moto, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji utalegea wenyewe bila kuongezwa tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena, kwa kuwa kimea kinaweza kuwa na vijidudu. Kina mama wanaopika pombe ya kienyeji watacheka wakisoma haya, maana ni kimea kile kile. Kwenye uji hakilewi mtu.

Hatua ya nne: Kiasi na mara ngapi

Anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, baada ya kunyonya. Kati ya miezi 6 na 8 mpandishe taratibu afikie nusu kikombe cha robo lita kwa mlo, milo miwili hadi mitatu. Miezi 9 hadi 11 iwe milo mitatu hadi minne na asusa moja au mbili, kama ndizi mbivu au papai. Akitimiza mwaka anakula robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, kwenye meza ya familia, akiwa na sahani yake mwenyewe ili uone kilichobaki.

Hatua ya tano: Toka kwenye uji

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, na Njombe na Rukwa karibu 50. Hii ndiyo mikoa inayolima mahindi mpaka inauzia wengine. Udumavu una sababu nyingi, maradhi na uchafu wa maji yakiwemo, lakini ghala lililojaa mahindi halijamwokoa mtoto asiyepewa kitu kingine zaidi ya mahindi.

Kwa hiyo kuanzia wiki ya pili au ya tatu, mlo mmoja kwa siku usiwe uji. Ponda viazi lishe au boga na maharage yaliyomenywa ganda. Pika mtori wa ndizi na nyama iliyosagwa au kukatwakatwa mpaka ikalainika, si mchuzi wake tu. Maini ya kuku yaliyoiva vizuri na kupondwa, mara moja au mbili kwa wiki, ni hazina ya madini ya chuma. Mchicha au tembele vipikwe kwa mafuta kidogo, na kipande cha chungwa au papai baada ya mlo kinausaidia mwili kunyonya chuma kilichomo kwenye mboga na maharage.

Hatua ya sita: Mikono, kikombe na subira

Osha mikono yako na ya mtoto kwa sabuni. Tumia kikombe na kijiko, achana na chupa ya kunyonyea, kwa sababu chuchu yake ni ngumu kusafishika. Uji uliopikwa asubuhi na kuwekwa kwenye chupa ya chai mpaka jioni ni hatari. Joto vuguvugu ndilo linalopendwa na vijidudu. Upikwe kidogo, uliwe ndani ya saa mbili.

Tena usimbane pua wala kumnywesha kwa kiganja. Mketishe, mtazame usoni, msemeshe, subiri afungue kinywa. Akigeuza kichwa amesema ametosheka.

Maswali

Mama wa mtoto wa miezi 7, Mbeya: Shikamoo dada. Mama mkwe ananikataza kumpa mtoto yai, anasema atachelewa kuongea. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?

Marahaba mdogo wangu. Yai halina uhusiano na kuchelewa kuongea. Usishindane naye nyumbani. Nenda naye kliniki siku ya kupima uzito, mwombe muuguzi aeleze mbele yenu nyote wawili. Wakwe wengi huvikataa vya mkwe wao wakavikubali vya kadi.

Baba wa mtoto wa miezi 8, Dodoma: Mke wangu anaondoka kazini saa kumi na moja alfajiri na binti wa kazi ndiye anayelisha. Tupange vipi?

Kaka, mkeo amnyonyeshe mtoto kabla hajaondoka na mara arudipo, usiku pia. Akikamua maziwa kwenye chombo safi chenye kifuniko, yakae kwenye friji, binti ampe kwa kikombe. Unga, karanga zilizopondwa na unga wa dagaa vipimwe kila kimoja kwenye kikopo chake. Halafu wewe mwenyewe jifunze kuupika uji huo, ili siku ya mapumziko uwe unaupika wewe.

Mama anayetumia ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI), Mwanza: Je, nikianza chakula niache kunyonyesha siku hiyo hiyo?

Hapana. Ukiwa unameza dawa zako kila siku na mtoto anapata dawa na vipimo vyake kwa ratiba, unaendelea kunyonyesha pamoja na chakula. Siku ya kuacha mtapanga na mhudumu wako, na haiachwi ghafla.

Mama wa mtoto wa miezi 10, Songea: Wangu ameharisha siku mbili, nimempumzisha kula. Nimefanya vizuri?

Mrudishie chakula leo, kidogo kidogo na mara nyingi, na ziwa kila anapotaka. Mpe maji ya ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Akiwa na damu kwenye choo, macho yamezama, anatapika kila kitu au amelegea, usisubiri kesho. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili ili arudishe uzito.

Mama wa mtoto wa miezi 9, Moshi: Nampa chai ya maziwa na mkate asubuhi kwa sababu ndicho tunachokula wote. Kuna ubaya?

Mkate sawa, uloweke kwenye maziwa yaliyochemshwa au upake parachichi. Chai iondoe: inazuia mwili kuchukua madini ya chuma na inajaza tumbo bure. Huko Moshi mna ndizi na maparachichi uani. Mlo wa asubuhi wa mtoto unaweza kuwa mtori uliopikwa asubuhi hiyo hiyo, na ninyi mkauanza kabla ya chai yenu.