Namna ya Kupima Ushahidi wa Kimazingira na Historia ya Mshtakiwa katika Kesi ya Mauaji

Si nadra kesi ya mauaji kufika Mahakama Kuu bila shahidi hata mmoja aliyemwona muuaji akitenda. Kinacholetwa mbele ya jaji ni ripoti ya uchunguzi wa maiti, kumbukumbu za simu, jirani aliyemwona mtu akitoka getini, na labda shati lenye damu lililokutwa chini ya godoro. Sheria zetu za Kenya na Tanzania hazioni aibu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa kimazingira peke yake, yaani kwa dalili kama hizo zinazozunguka tukio. Katika shauri la Kimweri dhidi ya Jamhuri la mwaka 1968 ilikubalika kwamba hata kifo chenyewe kinaweza kuthibitishwa kwa njia hiyo ingawa maiti haikupatikana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa sheria, mwandishi wa habari za mahakamani, na ndugu wa marehemu au wa mshtakiwa ambaye ameshika nakala ya hukumu na anataka kujua kama inasimama. Ushauri wake mkubwa unahusu mpangilio wa kazi: yapime mazingira ya tukio kwanza, hadi mwisho, historia ya mshtakiwa ikiwa imefungiwa nje, kisha ndipo uulize kama sheria imeifungulia mlango.

Thibitisha kwanza, fasiri baadaye

Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika rufaa ya Abanga aliyejulikana pia kama Onyango, namba 32 ya mwaka 1990, iliweka mitihani mitatu ambayo hadi leo hurudiwa katika hukumu nyingi. Mazingira yanayotegemewa yawe yamethibitishwa kwa uthabiti. Yawe yanaelekeza kwa mshtakiwa bila kuyumba. Na yakikusanywa pamoja yawe yamekamilika kiasi kwamba, kwa uwezekano wote wa kibinadamu, hakuna mwingine aliyetenda isipokuwa yeye.

Mtihani wa kwanza ndio unaorukwa na watu wengi, kwa sababu kufasiri kunavutia kuliko kuhakiki. Chukua karatasi, uandike kila jambo ambalo upande wa mashtaka unalitegemea, na kando yake uandike nani alilieleza, aliliona katika mwanga gani, kutoka umbali gani, na alimweleza nani kwa mara ya kwanza. Kisu kinachodaiwa kuwa na damu ya marehemu hakina uzito mpaka ijulikane nani alikichukua, alikifunga vipi, kilikaa wapi, na nani alikikabidhi kwa Mkemia wa Serikali. Simu iliyosomwa na mnara wa eneo fulani inaonyesha kwamba laini ile ilikuwa ndani ya eneo hilo. Haionyeshi ilikuwa katika chumba gani wala mkononi mwa nani, na atakaye kusema zaidi ya hapo inampasa alete shahidi mwingine. Jambo lisilothibitishwa lifute kabisa. Kulibakiza kwa nusu uzito, eti kwa kuwa linaafikiana na mengine, ndiyo njia ya haraka zaidi ya kufikia hukumu iliyojengwa kwa minong'ono.

Baada ya kufuta, angalia yaliyobaki yanategemeana namna gani. Wanasheria wetu wamezoea kusema mnyororo wa ushahidi, ilhali jaji Pollock wa Uingereza, katika kesi ya Exall ya mwaka 1866, alisema kwamba ushahidi wa namna hii unafanana zaidi na kamba iliyosokotwa kwa nyuzi kadhaa, ambapo uzi mmoja ukikatika nyingine huweza kuendelea kubeba mzigo. Kwa maoni yangu picha zote mbili, mnyororo na kamba, zinahitajika, na kosa liko katika kutojua unashika ipi. Kama hoja nzima inasimama juu ya kwamba mshtakiwa alikuwa Mwanza usiku ule, hicho ni kiungo cha mnyororo, na tiketi ya basi ikionyesha alikuwa Dodoma kesi imekwisha. Kama kuna mashahidi watatu wasiojuana waliomwona katika nyakati tofauti, hizo ni nyuzi, na kumwangusha mmoja hakuwaangushi wengine.

Tafuta maelezo mengine kwa bidii ileile

Katika shauri la Simon Musoke lililotoka Uganda mwaka 1958, Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ilisema kwamba mambo yanayomtia mshtakiwa lawamani lazima yasipatane na kutokuwa na hatia kwake, na yasiweze kuelezeka kwa njia nyingine yoyote ya kuridhisha isipokuwa kwamba ana hatia. Mahakama hiyohiyo ilikwisha kusema mwaka 1949, katika shauri la Kipkering arap Koske, kwamba mzigo wa kuthibitisha mambo hayo uko kwa upande wa mashtaka daima na hauhamii kwa mshtakiwa.

Kwa vitendo, maana yake ni kwamba wewe mwenyewe ubuni maelezo mengine yanayowezekana kisha uyajaribu dhidi ya ushahidi, hata kama wakili wa utetezi hakuyataja. Katika shauri la Teper la mwaka 1952, lililohusu duka lililochomwa moto Georgetown, Guyana, Baraza la Faragha la London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, lilionya kwamba kabla ya kufikia hitimisho la hatia ni lazima kuhakikisha hakuna mazingira mengine yanayolidhoofisha au kuliangusha, na likatoa mfano wa kikombe cha fedha cha Yusuf kilichokutwa katika gunia la mdogo wake. Kisa hicho Waislamu na Wakristo wa pwani na bara wanakijua tangu utotoni. Kikombe kilikuwa ndani ya gunia kweli, hakuna aliyedanganya kuhusu hilo, lakini hakikuibwa. Kiliwekwa humo kwa amri ya mwenyewe. Uthibitisho wa kwamba kitu kimeonekana mahali fulani ni hatua moja, na jibu la kilifikaje hapo ni hatua nyingine.

Maelezo mbadala hayana budi yawe na mguu wa kusimamia katika ushahidi. Kudai kwamba huenda alikuja mtu asiyejulikana, akaua, akatoweka, bila dalili yoyote, hakuleti shaka ya maana. Lakini mlango wa nyuma uliokutwa umevunjwa na haukuelezwa na mpelelezi yeyote ni dalili, hata kama mshtakiwa alikaa kimya kizimbani.

Mambo matatu yanayopewa uzito kupita kiasi

La kwanza ni kuonekana na marehemu mara ya mwisho. Tanzania hurejea mara kwa mara shauri la Makungire Mtani la mwaka 1983, kwamba aliyeonekana wa mwisho na marehemu, asipotoa maelezo yanayoingia akilini ya namna walivyoachana, anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye muuaji. Kanuni hii ina nguvu pale tu muda kati ya kuonekana na kifo ulipokuwa mfupi na mahali penyewe hapakuwa pa kupitwa na kila mtu. Walioonekana wakitoka pamoja kilabuni saa tatu usiku, na maiti ikapatikana kando ya barabara kuu siku mbili baadaye, wameacha pengo kubwa ambalo daktari ndiye wa kulipunguza kwa kueleza kifo kilitokea takriban lini. Kenya inacho kifungu cha 111 cha Sheria ya Ushahidi kuhusu mambo ambayo mshtakiwa peke yake ndiye anayeyajua, na kifungu hicho husomwa vibaya na wengi kana kwamba kinamtaka athibitishe kuwa hana hatia. Hakimtaki hivyo, upande wa mashtaka hujenga kwanza, ndipo ukimya wake uanze kusikika.

La pili ni kukimbia. Katika nchi ambazo magazeti huandika kila mara kuhusu wananchi wenye hasira kali, mtu asiye na kosa lolote ana sababu nzuri ya kuhama kijiji mara tu jina lake linapotajwa msibani. Uliza alikimbia kabla au baada ya kutajwa, na alipokwenda alijificha au aliishi kwa jina lake.

La tatu ni uongo. Mshtakiwa aliyedanganya amejipunguzia uaminifu, na uongo wake unaweza kuutia nguvu ushahidi uliokuwapo tayari, lakini hauzai ushahidi ambao haukuwapo, kwa sababu watu hudanganya pia kuficha hawara, deni au wizi mdogo. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema katika shauri la Sawe la mwaka 2003 kwamba tuhuma, hata ikiwa nzito namna gani, haitoshi kumtia mtu hatiani.

Kesi ya mauaji ya Monica Kimani, aliyeuawa katika nyumba yake mtaani Kilimani, Nairobi, mnamo Septemba 2018, inafaa kusomwa kwa jicho hili, kwa kuwa washtakiwa walikuwa wawili na walipimwa kwa kipimo kimoja. Mnamo Februari 2024 Jaji Grace Nzioka alimtia hatiani Joseph Irungu kwa ushahidi wa kimazingira uliojumuisha kitambulisho cha mtu mwingine kilichotumika langoni, gari, na nguo zilizochomwa. Mshtakiwa wa pili, mwanahabari Jacque Maribe, aliachiliwa huru, kwani gari lake na ukaribu wake na mwenzake havikumweka mahali pa mauaji. Mtaani wengi walikuwa wamekwisha kuwahukumu wote wawili kwa pamoja.

Historia ya mshtakiwa: milango michache

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinakataza kuonyesha kwamba mshtakiwa aliwahi kutenda kosa jingine au ni mtu wa tabia mbaya, isipokuwa katika hali zilizotajwa, na sheria ya Tanzania inafuata mkondo huohuo. Sababu yake haitokani na huruma. Mtu aliyewahi kufungwa kwa kujeruhi ndiye wa kwanza kutafutwa na polisi. Kama rekodi yake itatumika tena kuziba pengo la ushahidi, basi amehukumiwa kwa kosa ambalo alikwisha litumikia.

Hapa ipo tofauti ambayo waandishi wa habari huipoteza mara nyingi, kati ya historia ya mshtakiwa na marehemu na historia ya mshtakiwa na ulimwengu. Kwamba aligombana na marehemu kuhusu mpaka wa shamba, kwamba alimtuhumu uchawi baada ya kufiwa na mtoto, kwamba alitishia kumuua mbele ya mwenyekiti wa kijiji wiki iliyotangulia, hayo yote yanaingia kwa sababu yanaonyesha chanzo au maandalizi. Kwamba alipigana baani mwaka uliopita na mtu mwingine hakuhusiani na kesi.

Matendo ya zamani yanayofanana huingia pale yanapojibu utetezi mahususi, hasa ule wa ajali. Shauri la Makin kutoka New South Wales, Australia, lililochapishwa mwaka 1894, ndilo msingi. Mume na mke walipokea watoto wachanga kwa malipo. Mtoto mmoja alipokutwa amezikwa uani, iliruhusiwa kuonyesha kwamba maiti za wachanga wengine zilikutwa katika viwanja vya nyumba walizoishi. Ushahidi huo ulikuwa na maana kwa sababu kifo kimoja kinaweza kuwa cha bahati mbaya, ilhali vyote vile haviwezi. Ungetolewa ili kuonyesha tu kwamba wao ni watu wabaya, ungekataliwa.

Mlango mwingine hufunguliwa na mshtakiwa mwenyewe. Akileta mchungaji au imamu kusema ni mtu mpole, upande wa mashtaka unaweza kujibu kwa rekodi yake, kwa hiyo wakili mwangalifu hupima kwanza kabla ya kumwita shahidi huyo. Tabia njema yenyewe inakubalika, na huwa na uzito zaidi pale ushahidi unapokaribia kulingana.

Baada ya kupatikana na hatia, maisha ya mtu huyu sasa husomwa wazi. Tangu shauri la Muruatetu la Desemba 2017, majaji wa Kenya hawalazimiki kutoa adhabu ya kifo kwa mauaji. Wanaangalia umri, kama ni kosa la kwanza, majuto, uwezekano wa kujirekebisha, na hupokea ripoti ya afisa wa urekebishaji tabia. Irungu alihukumiwa kifo mwezi Machi 2024 chini ya utaratibu huo, yaani jaji alichagua. Tanzania adhabu ya kifo kwa mauaji ya kukusudia imebaki kuwa ya lazima, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri la Ally Rajabu la Novemba 2019, iliona kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Kwa sababu hiyo wakili wa Tanzania mwenye mteja aliyekulia katika mateso, au mwenye ugonjwa wa akili, anapaswa kuleta historia hiyo mapema, wakati swali la dhamira ya kuua bado halijajibiwa, akiiunganisha na utetezi wa wazimu au wa kughadhibishwa, kwa sababu baada ya hapo jaji hana adhabu ya kupunguza, na maelezo hayo yatabaki kusomwa katika jalada linalopelekwa kwa Rais.