Kabla hujawasha plazma ya ICP (gesi yenye joto kali ndani ya mtambo wa maabara unaopima madini kwa mwanga wake), angalia haya kwanza

Argoni, gesi inayotengeneza plazma. Mtungi wa lita 50 ukijaa baa 200 unakupa karibu lita 10,000 za gesi, na mtambo unakula kama lita 15 kwa dakika, piga hesabu mwenyewe, hayo ni masaa 11 hivi, kwa hivyo usianze sampuli nyingi na mtungi nusu. Stima ya Nairobi unaijua, weka UPS, ile betri ya kushikilia stima ikipotea. Chila, mashine ya kupoza mtambo, iwe imewaka, feni ya kutoa moshi iwe inavuta. Tochi, yaani mrija ambamo plazma inawaka, iwe kavu kabisa. Asidi ya HF (haidrofloriki) isikaribie vifaa vya kioo, inavila.

Sasa hii soma polepole. Kuna kijana wa masters alileta matope ya Mto Ngong, ameshayachemsha na asidi, anatafuta risasi, yale madini (Pb), kwa laini ya 220.353 nm, yaani wimbi la mwanga ambalo risasi hutoa kwenye plazma. Asubuhi akasomesha standadi (myeyusho wa risasi wa kiwango kinachojulikana), mstari wa kulinganisha ukanyooka vizuri sana, akaanza kuingiza sampuli, amezipanga kutoka juu ya mto kwenda chini, mpaka jioni bila kurudisha standadi hata moja katikati. Namba zikawa zinashuka tu. Akaandika ati kadiri mto unavyoteremka ndio risasi inapungua, na huku chini ndiko viwanda viko! Nikamwambia hebu rudisha ile standadi ya 1 mg/L. Ikasoma 0.68. Tukatoa nebulaiza, kile kifaa kinachogeuza sampuli kuwa ukungu, ncha imeshika ukoko mweupe wa chumvi, ukungu unaofika kwa plazma ni kidogo mno. Na hakuwa amebakisha matope, ikabidi arudi mtoni na ndoo. Iliniuma sana, kazi ya miezi.

Kwa hivyo rudisha standadi kila baada ya sampuli 10, ikisoma chini ya 90% au juu ya 110% simama hapo hapo. Suuza na asidi ya nitriki 2% katikati. Weka itriamu kama standadi ya ndani, yaani kiasi kile kile kwenye kila sampuli na standadi, ikishuka ujue mtambo ndio umeshuka. Changanya mpangilio wa sampuli, na bakisha matope makavu, tafadhali.

Halafu udongo una alumini nyingi na inasumbua hiyo laini ya risasi, kwa hivyo soma laini ya pili ya risasi ulinganishe. Mipira ya pampu ikilegea badilisha, mrija wa maji taka uwe unatiririka, usikodolee plazma macho bila kioo cha kukinga, na kama kuna harufu huielewi zima kwanza ndio uulize.